Pilipili Zinazokimbia Kidole

Siwezi kutwanga pilipili manga bila kukiangalia kidole changu cha shahada. Harufu ikipanda tu kutoka kwenye kinu, ile inayokuwasha puani kabla hujapiga chafya, mimi huacha mchi na kukigeuza kidole huku na huku kama mtu anayetafuta mwiba. Mume wangu alishazoea. Wanangu wanasema mama ana kichaa kidogo cha pilau. Wacha waseme. Sisi tuliokulia Ujiji wakati karabai ndizo taa za ziwani tuna mambo yetu, na hili la kidole ni langu.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Kasingirima, nyumba ya Bibi, mama yake baba. Baba alifanya kazi ya reli, leo yuko Tabora, kesho yuko Uvinza, kwa hiyo mwanamume wa nyumba tuliyemwona na kumgusa alikuwa mdogo wake, Baba mdogo Issa. Alivua dagaa katika chombo cha Mzee Sudi. Mtu mwembamba, masikio makubwa, na vidole virefu visivyojua kutulia. Ukimpa kikombe cha chai atakizungusha kwanza, ukimpa kamba atapiga fundo na kulifungua bila kuliangalia. Ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa Bibi, na Bibi alimdekeza kupita kiasi, hata wakati ana ndevu.

Asiyejua uvuvi wa dagaa nimweleze. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi wanawasha karabai, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazoa kutoka chini. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, karabai haina maana tena, dagaa wanatawanyika wanakotaka. Kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi inavutwa mchangani na wavuvi wanabaki nyumbani. Wanashona nyavu, wanalala, wanagombana na wake zao, wengine wanaoa. Siku hizo ndizo Baba mdogo alikuwa wetu, na siku hizo ndizo alizotufanyia mazingaombwe yake, baada ya chakula cha mchana, jamvini, huku Bibi amenyoosha miguu.

Sasa mimi kwa akili zangu za utoto sikuwahi kufikiri kwamba anayafanya siku hizo kwa sababu ndizo siku anazokuwepo. Hata! Nilichoona ni kwamba mwezi ukijaa, Baba mdogo anaweza. Mwezi ukiisha, hawezi. Nikahitimisha kwamba mwezi unamwingia vidoleni. Nilikuwa nauangalia ukikua na namwangalia yeye, na wallahi niliona hata masikio yake yanazidi kung'aa.

Hakutumia kitu ambacho hakikuwa jikoni kwetu. Alitia maji kwenye bilauri, akatumbukiza yai, likazama puu. Akachukua bilauri nyingine ya maji, machoni petu ni yale yale, akatumbukiza yai lile lile, na yai likaelea kama limekumbuka jambo. Mara nyingine alifunga njiti ya kiberiti kwenye leso ya Bibi, akamwambia, "Vunja mwenyewe, Mama, wasije wakasema nimedanganya." Bibi akaivunja, sote tukasikia inalia ka, na leso ilipofunguliwa njiti ikaanguka nzima. Bibi akaishika, akaipima kwa jino. "Issa," akasema, "hiyo nyingine umeificha wapi?" Baba mdogo akacheka tu. Na ile ya kufunika bilauri ya maji kwa kipande cha boksi na kuigeuza juu ya kichwa changu, kisha kuondoa mkono! Nilifumba macho nikisubiri kulowa. Sikulowa. Nilifumbua, nikaona maji yamening'inia juu yangu, yamezuiwa na kipande cha boksi ambacho hakuna aliyekishika, na nilitamani kujua kiasi cha kuumwa tumbo.

Lakini iliyokuwa na hadithi ni ile ya pilipili. Baba mdogo alijaza maji kwenye bakuli jeupe la bati, akanyunyiza juu pilipili manga iliyotwangwa, vumbi jeusi likatanda uso mzima wa maji. Kisha alibadilisha sauti.

"Hili ni ziwa," alisema. "Na hawa ni dagaa, wametulia, wanazungumza mambo yao. Sasa wanasikia Issa anakuja."

Alichovya ncha ya kidole katikati, na pilipili zikakimbia. Sisemi zilisogea, nasema zilikimbia, zote kwa mpigo, mpaka zikajibanza ukingoni mwa bakuli, na katikati kukabaki maji meupe na kidole. Tulipiga kelele kila mara, hata Bibi aliyejifanya hashangai.

Nilimsumbua mpaka akachoka. Nilimfuata chooni, nikamngoja nje. Mwishoni akanifundisha hiyo moja. Kumbe kabla hajaanza, alikuwa amepitisha kidole kwenye kipande cha sabuni ya mawese, ile ya rangi ya udongo tunayofulia, akakiacha kikauke. Basi. Pilipili zinaelea juu ya maji, sabuni ikigusa maji inazisukuma. Alisema na yeye alifundishwa na Mkongo mmoja, muuza vitenge, walipokwama kijiji cha Kagunga mashine ya boti ilipoharibika, na wakakaa wakila samaki wa migebuka na kuoneshana ujanja. Akanilisha kiapo nisimwambie mtu. "Siri ikitoka," alisema, "kinachobaki ni sabuni na bakuli chafu."

Bila shaka nilijaribu peke yangu. Nilingoja mwezi uishe na yeye awe ziwani, maana nilitaka kujua kama bila mwezi nitaweza. Nikaosha bakuli kwa sabuni, liwe safi kama lake, nikajaza maji, nikanyunyiza pilipili, nikapaka kidole, nikachovya. Hazikukimbia. Nilichovya tena na tena. Zilikaa pale zinaniangalia, na nyingine zikazama. Nikamwaga maji nikiwa na uhakika mkubwa kuliko wa mwanzo: bila mwezi haifanyi kazi.

Kosa la Baba mdogo lilikuwa kwenda kuifanya ufukweni. Ilikuwa mbalamwezi, wavuvi wamekaa mchangani wanashona nyavu, Mzee Sudi mwenyewe amekuja na kanzu yake nyeupe na kikombe chake cha kahawa kuwaangalia. Baba mdogo akaomba bakuli. Hili ni ziwa, hawa ni dagaa, sasa wanasikia Issa anakuja. Alipochovya kidole na pilipili zikatimka, Mzee Sudi aliruka nyuma, akajikwaa kwenye wavu, kahawa yote ikamwagikia kanzuni. Vijana walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Sudi hakucheka. Alijipangusa, akaondoka.

Kisha giza likarudi, mitumbwi ikaingia ziwani, na chombo cha Mzee Sudi kikarudi asubuhi kitupu. Kesho yake kitupu. Vyombo vingine vilipata kidogo, chake hakikupata hata dagaa wa kukaanga. Wavuvi wameyaona mengi, wangeweza kusema ni upepo, ni maji, ni riziki tu. Lakini walikuwa wameona kwa macho yao dagaa wakikimbia kidole cha Issa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia kwamba wale ni dagaa! Mtu wa Kalinzi, kule milimani kwenye kahawa, asingewaza hivyo, yeye angeona pilipili na maji. Wao walikaa miaka yote wakitazama vitu vidogo vyeusi vinavyokusanyika kwenye mwanga na kutawanyika, wakaona walichokijua.

Maneno yalianza kisimani. Mama alirudi na ndoo nusu, hajangoja zamu yake. Watoto waliacha kuja kwetu. Mmoja aliniuliza kama ni kweli baba yangu mdogo anafuga dagaa wa watu chini ya kitanda. Nilikwenda kuchungulia. Nilikuta kandambili na kopo la rangi.

Baba mdogo alilala nyumbani wakati wenzake wako ziwani, na hilo lilinitisha kuliko yote. Sikuwahi kumwona usingizini usiku wa siku za giza. Nilimsikia Bibi akimwambia, "Si uwaambie ni sabuni, yaishe?" Kumbe Bibi alijua siku zote.

"Nikisema ni sabuni, nimesema nilimrusha Mzee Sudi kwa sabuni, mbele ya vijana wake," alijibu. "Uchawi ataniogopa. Ujinga hatanisamehe."

Walikuja baada ya sala ya alasiri. Mzee Sudi na kanzu nyingine, nahodha wake, na wavuvi watatu. Wakaketi barazani. Mama akatoa chai ya maziwa na vitumbua, wakashukuru, na hakuna aliyenyoosha mkono. Ujiji mtu akikataa chai yako, hana haja tena ya kusema alichokujia. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, na niliiangalia ile chai inaweka ngozi juu.

"Bi Mwamini," Mzee Sudi alimwambia Bibi, "nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu, kwa heshima yako. Vijana wamesema hawapandi na Issa."

"Wamesema, au umesema?"

"Wamesema, na mimi nina chombo kimoja. Wakikataa wao, sina kazi, nina mbao. Sikusema ni mchawi. Nasema apishe. Aende Kalinzi kwa ndugu zenu, alime kahawa. Na huko yupo mzee anayeosha watu. Akisafishika, tutazungumza."

"Kalinzi!" Bibi akasema. "Huyu? Huyu ana nyayo za mchanga, Sudi. Jembe litamkata mguu siku ya kwanza."

Nilimtazama Baba mdogo. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono ameibana katikati ya mapaja, na vidole vyake havikuwa vikifanya chochote. Sijawahi kuona mikono iliyotulia vile kwa mtu mzima. Nikajua anakwenda. Mtu wa mwalo mmoja, pale mitumbwi inapotia nanga, akishaambiwa apishe, mwalo mwingine haumpokei, habari zinatembea upesi ufukweni kuliko samaki. Angepanda milima kule juu, angeliona ziwa kwa mbali kama kipande cha bati, na mimi ningebaki na Bibi anayelia. Nikakimbilia jikoni.

Mama alinikuta na bakuli mkononi. "Unakwenda wapi na hilo?"

"Kuwaonesha."

Mama si mtu wa maneno mengi. Alilichukua bakuli, akalisuuza, akajaza maji safi kutoka mtungini, akanirudishia. Mimi nikapitisha kidole kwenye sabuni, nikachota pilipili ya pilau, na nikatoka nje, ingawa zilikuwa siku za giza, mwezi haukuwepo, na nilijua kabisa kwamba bila mwezi haifanyi kazi. Nilichokuwa nakwenda kufanya ni kubahatisha tu.

"Shikamoo Babu," nikamwambia Mzee Sudi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nenda kacheze."

Nikaweka bakuli miguuni pake. Nikanyunyiza. Sikuweza kusimulia habari ya ziwa na dagaa. Nikachovya kidole.

Zikakimbia! Furaha iliyonipanda nilitaka kuruka, nikainua uso nione wanavyofurahi na wao. Nahodha alikuwa amesimama. Mvuvi mmoja anatafuta viatu vyake kwa mguu bila kutazama chini.

"Lahaula," nahodha akasema. "Amemwachia uchawi mpaka mtoto!"

"Mwana wanje, mwanangu!" Bibi akanivuta kwa gauni.

"Mtoto mwacheni," Baba mdogo akasema, na sasa alikuwa amesimama pia. "Zungumzeni na mimi. Nitakwenda Kalinzi, nitakwenda hata kesho, lakini mtoto mwacheni."

Mzee Sudi alikuwa ameinama anatazama ndani ya bakuli, na nikaona kitu ambacho sikukielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima: alikuwa na hamu. Alinyoosha kidole chake, kinene, ukucha mweusi wa kazi za zamani, akakichovya mwenyewe katikati. Pilipili zilibaki ukingoni, zimelala. Akakizungusha. Hakuna kitu.

"Mmeona," akasema taratibu. "Kwangu hazitikisiki. Kwao zinakimbia."

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Nilikuja kumwokoa, nikamchimbia shimo. Machozi yakaanza kunitoka, na kwa sababu nilikuwa nalia, nilisema bila kupanga.

"Lakini Babu, wewe hujapaka."

"Sijapaka nini?"

Nikamtazama Baba mdogo. Kiapo kilikuwa chake. Alifumba macho, akaitikia kwa kichwa.

"Sabuni," nikasema.

Mama alikwisha kutoka na bakuli la pili, maji mapya, na kipande cha sabuni ya mawese juu ya kiganja chake. Nikaushika mkono wa Mzee Sudi. Angeweza kuuondoa, lakini sijui ni mzee gani anayemnyang'anya mtoto anayelia mkono wake mbele ya watu. Nikampaka kidole, nikapuliza kikauke kama Baba mdogo alivyonifundisha, nikanyunyiza pilipili. "Sasa," nikamwambia.

Alichovya. Zilikimbia kwake vizuri kuliko kwangu, nadhani kwa unene wa kidole. Akauvuta mkono haraka na kukitazama kile kidole kama si chake. Wavuvi nao wakakitazama. Hakuna aliyethubutu kucheka, maana safari hii aliyefukuza dagaa alikuwa mwenye chombo.

"Haya, Sudi," Bibi akasema. "Tufunge mizigo twende Kalinzi sote tukaoshwe."

Nahodha ndiye aliyeanza, cheko lilimtoka puani kabla hajalizuia, kisha wote wakaanguka. Mimi nilikuwa nimeushikilia mkono wa Mzee Sudi bado, na tumbo lake likaanza kutikisika. "Leteni maji mengine," akasema. Akafanya tena. Akaomba maji mengine. Akafanya mara hii akisema hili ni ziwa, na hawa ni dagaa, na sasa wanamsikia Sudi anakuja. Wavuvi nao wakapanga foleni, kila mmoja na kidole chake, mpaka pilipili yote ya mama ikaisha, na hapo katikati mtu alianza kunywa chai iliyokwisha kupoa na wengine wakafuata. Vitumbua havikubaki.

Nilimvuta Baba mdogo shati, nikamweleza habari ya mwezi, kwamba kuna siku nilijaribu ikagoma. Akaniuliza niliosha bakuli kwa kitu gani. Nikamwambia kwa sabuni. "Na ukalisuuza?" Sikuwa nimelisuuza. "Basi ziwa lako lilikuwa limejaa sabuni tayari, dagaa wakimbie waende wapi?" Alicheka huku ananifuta uso kwa vidole vyake, vilivyokuwa vimeanza tena kucheza. Mwezi niliokuwa nimeufuatilia muda wote ule haukuwa na habari na sisi hata kidogo. Nilisikitika kidogo, nakiri, na nilifurahi sana.

Walipoondoka, Mzee Sudi alisimama uwanjani. "Issa. Saa kumi na mbili uwe mwaloni." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Na hiyo sabuni iache nyumbani."

Baba mdogo aliiacha. Na asubuhi yake chombo kilirudi kimejaa dagaa mpaka kikawa kinakaribia kuchota maji, wanawake wakaanika mchangani wakakosa pa kuanika. Hapo watu wazima wakafanya hesabu zao kama mimi nilivyofanya zangu za mwezi. Sabuni ilikuwepo, dagaa hawakuja. Sabuni imeachwa, dagaa wamejaa. Nani atawaambia vingine? Tangu siku hiyo, kwenye chombo cha Mzee Sudi hakuna aliyepanda na sabuni, na sasa chombo ni cha wajukuu zake, kina taa za betri, na bado mtu anapekuliwa mfuko kabla ya kukisukuma majini. Vijana hawajui hata ilianzaje. Wanajua tu kwamba dagaa hawapendi.

Juzi nilikwenda Kasingirima kumwona Baba mdogo. Miguu imemchoka, ameacha ziwa, anakaa barazani anavunja njiti za kiberiti kwenye leso kuwachanganya watoto wa jirani. Nikamuuliza, kwa miaka ile yote, yeye aliyeijua siri kutoka mwanzo hadi mwisho, aliyemfundisha kila mtu kwamba ni pilipili na maji tu, alikuwa anaionaje ile sheria ya wenzake.

"Mimi?" akasema. "Mimi sikuwahi kupanda na sabuni."

"Lakini wewe unajua ni upuuzi."

"Najua," akasema. "Sasa nijaribu ya nini?"

Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa ananitania.